Kumpiga Picha Samaki Usiyemjua: Mwongozo Kamili kwa Wazamiaji wa Pwani ya Tanga

Samaki wa kwanza wa ajabu niliyempiga picha katika mwamba wa Maziwe, mbele ya Pangani, alikuwa amekaa juu ya sifongo ya rangi ya chungwa, naye mwenyewe akiwa na rangi hiyo hiyo, hata nikampita mara mbili nikidhani ni uvimbe wa sifongo. Alikuwa samaki-chura: mwili wa mviringo, mapezi ya kifuani mithili ya viganja, na juu ya mdomo kijiti chembamba chenye chambo bandia anachokitikisa ili kuwavuta samaki wadogo. Nilimpiga picha 14, zote za uso, kwa kuwa uso ndio ulionishangaza. Nilipompelekea mtaalamu wa samaki picha hizo, aliniuliza kwanza kama mkia ulikuwa na madoa matatu ya mviringo, kwa maana madoa hayo ni dalili ya Antennarius pictus, mmoja wa spishi za samaki-chura. Kisha akauliza pezi la kifuani lilikuwa na miale mingapi, yaani vijiti vyembamba vinavyolishikilia pezi, kwa maana Antennarius commerson, aliye mkubwa zaidi, kwa kawaida huwa na miale 11. Hakuna picha hata moja iliyoonyesha mkia wala pezi zima. Nilirudi pale baada ya juma moja. Sifongo niliikuta, samaki alikuwa amekwisha kuondoka.

Tangu siku ile nimeshika msimamo mmoja, nao ndio uti wa mgongo wa maelezo haya yote: picha ya samaki usiyemjua ni ushahidi kwanza, na uzuri wake huja baadaye. Ushahidi una mpangilio wake, na mpangilio huo huanza nchi kavu.

Kuchagua msimu, siku na saa

Mzamiaji wa Tanga anayetaka kupiga picha hana budi kuijua bahari kama mvuvi anavyoijua. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka na mashua ndogo hupata taabu kufika kwenye miamba, na mvua za masika zinaponyesha Mto Pangani humwaga tope jekundu linaloenea mbali na mlango wake. Kipindi cha maleleji, kabla kaskazi haijaanza kuvuma kwa nguvu, pamoja na siku tulivu za kaskazi yenyewe, ndicho chenye maji maangavu zaidi. Mtu aliyetoka mbali na mwenye siku tatu tu asizitumie katika mwezi wa Aprili.

Baada ya msimu, tazama mwezi. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa tofauti kubwa, mkondo huwa mkali, na mchanga wa chini hupanda juu. Siku za maji mafu mkondo hulegea, na mzamiaji anaweza kukaa mbele ya kitu kimoja bila kupiga mapezi kila wakati. Siku hizo za maji mafu ndizo za kamera. Katika siku yenyewe, chagua saa ambayo maji yanamalizia kujaa, kwa sababu yanayoingia wakati huo ni maji safi ya bahari kuu, ilhali maji yanayokupwa hutoka kwenye mikoko na midomo ya mito yakiwa yamebeba vumbi na majani yaliyooza. Usipoweza kuyapata yote mawili, mimi ningechagua maji mafu na kusamehe uangavu, maana picha yenye ukungu kidogo hutambulika, lakini picha iliyotikisika haisaidii.

Maziwe ni eneo tengefu tangu mwaka 1975, na kisiwa chake, ambacho zamani kilikuwa na miti na kasa waliotaga mayai, sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji ya bamvua. Upande wa jiji la Tanga, visiwa vya Toten, Yambe na Karange vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, samaki wa kale nitakayemweleza mwishoni, iliyotangazwa mwaka 2009. Kote huko kuna ada ya kuingia na masharti ya matumizi, kwa hiyo uliza mapema na lipa kabla ya kupanda chombo. Na anayepiga picha kwa biashara aulize kibali chake mbali na ada ya mgeni wa kawaida.

Mwili kabla ya kamera

Siamini kwamba mtu aliyepata cheti juzi anapaswa kushika kamera leo. Cheti cha kwanza kwa kawaida humruhusu mzamiaji kufika mita 18, na kuzamia kwa burudani kuna mpaka wa mita 40 hata kwa mwenye mafunzo zaidi; lakini kipimo cha mpiga picha ni kama anaweza kutulia mahali pamoja. Jipime hivi. Shuka kwenye mchanga mtupu, usimame katika maji mita moja juu yake, kunja mikono kifuani, na ukae hivyo dakika tatu ukipanda na kushuka kwa pumzi tu. Ukiona unalazimika kupunga mikono, bado. Mara nyingi kosa huwa uzito: mzamiaji amejifunga vipande vya risasi vingi mno, akatia hewa nyingi katika jaketi la kuelea ili kufidia, na hewa hiyo ikawa inamyumbisha. Punguza risasi kimoja kimoja, na ukague mwishoni mwa mzamio, mtungi ukiwa umebaki na hewa kidogo, kama bado unaweza kutulia kwenye mita tano bila kuvutwa juu.

Kamera hula akili ya mtu. Anayeshughulika na mwanga na lenzi husahau kina, husahau hewa, na husahau mwenzake. Ndiyo maana kabla ya kushuka mnakubaliana na mwenzako mambo matatu: nani anapiga picha na nani anaangalia mazingira, mtungi ukifika kiwango gani mnageuka, na kwamba mtafika juu mkiwa na angalau bari 50 za hewa mtungini. Mwenzako asiwe na kamera. Wapiga picha wawili wakizamia pamoja, kila mmoja yuko peke yake.

Kamera na mwanga

Kamera ndogo ndani ya kasha lake lisilopitisha maji inatosha kabisa kwa kazi ya utambuzi. Kilicho muhimu kuliko bei ni oringi, ile pete ya mpira inayoziba kasha. Usiku kabla ya safari itoe, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ipitishe kati ya vidole ukihisi kama kuna chembe ya mchanga, ipake mafuta yake kidogo sana, kisha uirudishe. Unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Funga kasha ukiwa ndani ya nyumba na wala si kwenye mashua, ambako upepo una chumvi na mchanga, na kwa kasha jipya shuka nalo mara ya kwanza likiwa tupu.

Maji hunyonya rangi. Nyekundu ndiyo inayotoweka kwanza, na mita chache tu kutoka juu imekwisha kufifia; inafuata rangi ya chungwa, kisha njano, mpaka kila kitu kibaki na ubuluu. Samaki mwekundu kwenye mita 15 huonekana kahawia au kijivu, na anayemweleza mtaalamu kwamba samaki wake alikuwa wa kijivu huenda anampotosha bila kujua. Kwa hiyo unahitaji mwanga wako mwenyewe, na unahitaji kuwa karibu: mwanga wa flashi hausafiri mbali ndani ya maji, na kila sentimita ya maji kati yako na samaki ni chembe za vumbi zinazorudisha mwanga kama theluji nyeupe. Piga kutoka umbali wa mkono mmoja au chini yake. Elekeza flashi kutoka pembeni, isiwe juu ya lenzi, ili mwanga umfikie samaki bila kuangaza vumbi lililo mbele ya kioo.

Kwa samaki mdogo mwenye kutulia, anza na kasi ya shata ya 1/160, upenyo wa lenzi wa f/8 au f/11, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 200, kisha urekebishe nguvu ya flashi. Hifadhi picha katika faili ghafi (RAW) kama kamera inaruhusu. Lenga jicho. Jicho likiwa kali, mtazamaji husamehe mengine. Jicho likiwa na ukungu, picha nzima huonekana imeharibika.

Namna ya kumwona

Samaki adimu hawaonekani na anayeogelea haraka. Chagua eneo dogo, kama ukubwa wa jamvi tatu nne, ulikague kwa dakika kumi. Pale ambapo mwamba unaishia na mchanga unaanza, kwenye kingo za nyasi bahari, chini ya sifongo kubwa, kwenye kamba za maboya zilizoota magugu: hapo ndipo farasi bahari, samaki-chura na samaki-jani hujificha. Usitafute samaki mzima. Tafuta jicho, au mstari wa mdomo, au kitu kinachoyumba kwa mwendo tofauti kidogo na majani yanayokizunguka. Watazame pia samaki wengine, kwa maana kundi la vitatange linalozunguka shimo moja kwa fujo mara nyingi linamkemea mkunga aliyemo ndani.

Usiweke mkono popote. Samaki-jiwe hukaa akifanana na kokoto iliyoota mwani, na miba ya mgongo wake ina sumu kali. Aliyechomwa hutolewa majini mara moja, sehemu iliyochomwa huwekwa katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, naye hupelekwa hospitali. Kikande mkubwa anayelinda mayai atakushambulia, na eneo analolilinda hupanuka kuelekea juu kama pia, kwa hiyo anayemkimbia kwa kupanda juu hubaki ndani ya eneo hilo. Ondoka kwa ubavu, ukimwelekezea mapezi.

Dakika tano za kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukimwona samaki usiyemjua, simama. Soma kina chako na hewa yako kabla ya kuinua kamera, mwite mwenzako kwa ishara, na uhakikishe mapezi yako hayagusi kitu.

Piga picha moja ukiwa mbali, mita mbili hivi, hata kama unajua itakuwa mbaya. Samaki anaweza kuondoka sekunde inayofuata, na picha hiyo moja mbaya itakuwa yote uliyo nayo. Kisha msogelee polepole kutoka ubavuni, ukiwa chini katika usawa wake, kamwe usimjie kutoka juu, kwa sababu wanyama wengi wanaowinda samaki huja kutoka juu. Toa pumzi kidogo kidogo; mapovu makubwa humshtua. Kila baada ya nusu mita, tulia umsome. Samaki anayepumua kwa haraka, anayeinua miba ya mgongo, au anayegeuza mwili ili akupe mgongo anakuambia kwamba umefika mpaka. Samaki-chura naye hupiga miayo mikubwa, na watu wengi huifurahia kwa sababu picha yake ni ya kuvutia, ilhali mara nyingine miayo hiyo ni dalili ya kusumbuliwa au ya kujiandaa kuhama. Rudi nyuma kidogo, ungoje.

Picha ya kwanza ya karibu iwe ya ubavu mzima, kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia, mwili ukiwa sambamba na kioo cha lenzi. Ukipata hii moja ikiwa kali, umekwisha kupata sehemu kubwa ya utambuzi. Inayofuata ni ya mkia peke yake, kisha kichwa kutoka ubavuni, kisha pezi la kifuani likiwa limekunjuka, kisha pezi la mgongo, ambalo miba yake huhesabiwa. Zunguka taratibu upate ubavu wa pili, kwa kuwa madoa ya pande mbili hayafanani: watafiti wanaomtambua papa potwe mmoja mmoja kwa madoa yake hutumia ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, na picha ya upande wa kulia haiwezi kulinganishwa na kumbukumbu zao za kushoto. Mwisho kabisa ndipo upige uso, ule uliokuvutia tangu mwanzo.

Bado kuna vitu viwili ambavyo karibu kila mtu huvisahau. Cha kwanza ni kipimo. Ndani ya maji kila kitu huonekana kikubwa kwa takriban theluthi moja na karibu zaidi kuliko kilivyo, hivyo makadirio ya macho hayaaminiki. Beba kijiti chembamba chenye alama za sentimita, ukishike sambamba na samaki na kwa umbali ule ule kutoka kwenye lenzi, bila kumgusa wala kumzibia njia. Akionyesha wasiwasi, subiri aondoke, kisha upime sifongo au jiwe alilokuwa amelikalia. Cha pili ni mazingira. Rudi nyuma upige picha pana inayoonyesha sifongo, mchanga, nyasi na chochote kilichomzunguka. Kama kuna nafasi, ongeza video ya nusu dakika, maana mwendo nao ni dalili: samaki-chura hutembea kwa mapezi yake, na hakuna picha tuli inayolionyesha hilo.

Watu huuliza kama flashi inamuumiza samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu farasi bahari na samaki wengine wanaokaa chini ulionyesha kwamba kinachowasumbua zaidi ni kuguswa na kusogezwa, kuliko mwanga wenyewe. Jambo hili lina uzito mkubwa kwangu. Nimeona mwongoza wazamiaji akimsukuma farasi bahari kwa kijiti cha chuma ili ageukie kamera ya mgeni, na mgeni akashukuru. Mnyama yule hushika jani kwa mkia wake kwa sababu haogelei vizuri; aking'olewa pale, mkondo humchukua. Usimguse, usimwombe mtu amguse kwa niaba yako, na ukiona mwongozaji anafanya hivyo mzuie kwa ishara hapo hapo, kisha uzungumze naye kwa heshima mkifika juu. Hata bila kumgusa, picha kumi na tano zinatosha. Baada ya hapo jiondoe kwa kurudi nyuma kwanza, ndipo ugeuke, ili pigo la mapezi lisimfunike kwa mchanga.

Kupanda

Zima kioo cha kamera, uifunge kwenye jaketi, na upande kwa mwendo usiozidi mita tisa kwa dakika, ukisimama dakika tatu kwenye mita tano. Usitazame picha zako wakati huo. Chombo juu yako na mwenzako pembeni yako ndivyo vinavyohitaji macho. Ukifika, kasha litumbukizwe katika ndoo ya maji baridi ya kisima au ya bomba kabla chumvi haijakauka juu yake.

Kumbukumbu

Nusu ya thamani ya picha iko kwenye maandishi yanayoambatana nayo, na maandishi hayo yaandikwe siku ile ile. Andika tarehe, saa, kina, joto la maji kama kompyuta yako ya kuzamia inalionyesha, hali ya maji kama yalikuwa yakijaa au yakikupwa, aina ya sakafu, urefu wa samaki, na alichokuwa akifanya. Ili saa zisigongane, piga picha ya kioo cha kompyuta yako mwanzoni mwa kila mzamio. Hivyo utajua kina cha kila picha kwa kulinganisha muda. Ukiwa bado kwenye mashua juu ya eneo lenyewe, hifadhi majira ya nukta (latitudo na longitudo) kwa simu.

Kisha tafuta jina. Anza na nahodha na wavuvi wa kijiji, uwaulize wazee zaidi ya mmoja, kila mtu peke yake. Majina hubadilika kutoka Kigombe hadi Ushongo, na mara nyingi mzee atakuambia jambo ambalo halimo katika maktaba yoyote: msimu gani samaki huyo hunaswa, kwa wavu wa namna gani, na kama zamani walikuwa wengi. Halafu tazama FishBase, hazina ya mtandaoni ya taarifa za samaki, ambamo baadhi ya majina ya Kiswahili yameorodheshwa, na upandishe picha zako kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako wajuzi huzijadili. Rekodi inayoonekana ngeni kabisa kwa pwani yetu ipelekwe Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, au Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar. Miamba ya Tanga iliumizwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, na kila samaki anayethibitishwa kuwa bado yupo ni hoja mkononi mwa wale wanaoilinda.

Ila mahali penyewe usipatangaze ovyo. Farasi bahari hukaushwa na kuuzwa, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu mwaka 2004. Majira ya nukta yapewe watafiti. Kwa umma inatosha kusema "kaskazini mwa Tanzania".

Kuhusu silikanti

Kila mgeni anayezamia Tanga huuliza kama atamwona silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa alitoweka pamoja na dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Jibu la haki ni hapana. Samaki huyu hukaa katika mapango na miteremko mirefu kupita kina cha mtungi wa kawaida. Wazamiaji waliompiga picha katika ghuba ya Sodwana, Afrika Kusini, mwaka 2000 walimkuta kwenye kina cha zaidi ya mita 100, wakitumia michanganyiko maalumu ya gesi, na mmoja wao alifariki dunia katika safari hiyo. Anayekuahidi silikanti kwa mtungi wa hewa ya kawaida anacheza na uhai wako.

Hata hivyo wavuvi wa Tanga wamemnasa mara nyingi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika jarife zinazotegwa kwenye maji ya kina kirefu. Kwa hiyo kama utakutana naye, huenda ikawa ufukoni, akiwa ndani ya mashua, kamera yako ikiwa bado imelowa. Fanya yale yale uliyojifunza chini ya maji. Omba ruhusa kwa mwenye chombo. Mlaze samaki sambamba na lenzi, weka kipimo pembeni, piga ubavu wa kushoto wote kisha wa kulia wote, kwa sababu madoa meupe ya kila silikanti ni yake peke yake na kwayo hutambuliwa. Piga mkia wenye ncha ndogo ya katikati, na mapezi yenye mashina ya nyama. Muulize mvuvi kina alichotega, saa aliyotega na saa aliyovuta, uandike kama alivyosema, pasipo kumlaumu, maana samaki huyu haliwi kwa raha na hakuna aliyemkusudia. Kisha mpigieni simu ofisa wa hifadhi au wa uvuvi kabla samaki hajakatwa, na umsubiri hapo hapo, ukimfunika kwa gunia lililoloweshwa.